Nyusi za Telesia

Saa mbili kasoro robo asubuhi, jua la Februari tayari linachoma. Fuatino Leavasa, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anaingia katikati ya barabara mjini Logan, Australia, ananyanyua kibao chake chekundu, na malori yanasimama.

"We Lafaele, funga hicho kiatu! Ukianguka hapa nani atakuokota?" anafoka huku akicheka.

Kazi ya kuvusha wanafunzi anaifanya mwaka wa tisa sasa, saa kumi tu kwa wiki. Watoto wa watu hawajawahi kumsumbua. Aliyemtoa jasho ni wake mwenyewe.

Telesia, mjukuu wake wa miaka saba, alikuja Krismasi kutoka kisiwa cha Savai'i, Samoa. Siku ya kwanza ya muhula bibi alimpa wosia: asimkodolee mwalimu macho, asipayuke, akae kwa adabu. Kisha akamvusha.

Nusu saa baadaye, ujumbe wa shule ukaingia kwenye simu: Telesia hayupo.

"Moyo nusura unipasuke," anasimulia. "Hayupo vipi, na nimemvusha mimi, kwa mkono huu? Nikatimua mbio na kibao changu. Ndala moja niliiacha barabarani."

Alimkuta darasani, mstari wa mbele, katulia tuli, machozi yanamtiririka. Bi Hodgett, mwalimu mgeni shuleni hapo, alikuwa amemwita mara tatu bila kusikia jibu, akamwandika hayupo. Somo lilipoanza alimwuliza kama anaelewa, kimya. Akasema labda arudishwe darasa la wadogo, na mtoto akasikia.

"Mjukuu wangu, ulipoitwa uliitika?" bibi akauliza.

Telesia akanyanyua nyusi.

"Unaona, mama? Hajibu," mwalimu akasema.

"Hajibu nini, Mwalimu? Si amejibu hapo! Kwetu nyusi zikipanda, mtu amekubali. Hata mchungaji ukimwuliza kama atakula, anapandisha nyusi tu, sahani inaletwa!"

Bi Hodgett akajishika mashavu. "Jamani! Na mimi nimeinamia daftari la mahudhurio muda wote!" Akachuchumaa mbele ya mtoto. "Telesia, upo?"

Nyusi zikapanda. Za mwalimu nazo zikapanda. Darasa zima likaangua kicheko, Telesia akiwemo.

Fuatino alipotoka nje alikaa kwenye ngazi akalia kwa ahueni. "Na mimi nilikosea," anakiri. "Nilimfundisha adabu ya nyumbani, nikasahau kumwambia huku watu hujibu kwa mdomo."

Sasa ameomba dakika kumi kwenye kikao cha walimu cha Jumatatu, awaeleze habari za nyusi. Watoto wa Kisamoa pale ni zaidi ya thelathini, na hataki mwingine ahesabiwe hayupo ilhali kakaa kwenye kiti.

Wiki mbili nzima Telesia aling'ang'ania mkono wa bibi mpaka getini. Asubuhi hii, alipowaona wenzake ng'ambo ya barabara, ameuachia na kukimbia.

"Hata kuaga hakuniaga, mtoto yule!" anasema Fuatino, akijifuta macho kwa ukosi wa fulana. "Namwomba Mungu, mtoto huyo azidi kunisahau hivyohivyo mpaka shule zifungwe Desemba."