Njia ya Katikati ya Shayiri

Edwin Prosser alizitunza kwa kujitolea njia za miguu na za farasi za kijiji chao kule mkoa wa Shropshire, na mtu asikudanganye, ile iliyokata katikati ya shamba la mkulima Gwilt ilikuwa balaa. Mvua ikinyesha, farasi waliteleza, watembeaji wakaacha viatu matopeni. Basi Gwilt alipoomba njia ihamishiwe pembeni, kando ya ua wa miiba, Prosser alikubali bila ubishi. Kijiji kizima kilimpongeza. Yeye mwenyewe moyo haukutulia.

Sababu ilikuwa Hester, mkewe. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka polepole. Yalianza kwenda majina ya watoto, kisha la mumewe. Lakini kila Jumamosi alikata maua bustanini, akavuka shamba lile peke yake, akayapanga kanisani, akarudi nyumbani salama. Ndilo jambo la mwisho aliloweza kulifanya bila kushikwa mkono. Miguu ilijua yenyewe, na sasa mumewe ndiye anayeiondolea njia.

Alijitahidi, maskini. Akafyeka miiba, akamwaga changarawe, akaweka lango lenye mpini mrefu ambao mpanda farasi angeufikia bila kushuka. Kwa miezi kadhaa alimpitisha Hester huko, huku Gwilt akipanda shayiri juu ya njia ya zamani.

"Atazoea tu," Gwilt alimwambia. "Hata ng'ombe wangu wamezoea."

"Mke wangu si ng'ombe, Gwilt."

"Nimesema vibaya, mzee wangu. Nisamehe."

Jumamosi moja ya Juni Prosser alimwacha Hester atoke peke yake, akamfuata kwa mbali. Ukungu mwepesi ulikuwa umelala shambani, na ndege waliimba huko juu bila kuonekana. Hester alifika kwenye lango jipya, akalipapasa kama mtu anayepima kitambaa dukani, akaachana nalo. Akageuka, akaingia kwenye shayiri. Alikwenda humo kama anaelea, kichwa, kifua na maua tu vikionekana, palepale njia ilipokuwa, bila kuyumba hata kidogo.

Prosser aliduwaa, kisha akamkimbilia. Upande wa pili Gwilt alizima trekta, akasimama kuwatazama. Prosser alijua sasa yanakuja matusi.

"Mwache apite," Gwilt akapaza sauti. "Shayiri nitapanda nyingine."

Hester alisikia hatua nyuma yake. Akageuka, akamtazama mumewe kwa upole, ule upole anaotazamwa nao mgeni.

"Umepotea, bwana?"

Prosser akaitikia kwa kichwa. "Nimepotea, mama."

"Basi nifuate. Wala usiogope, njia hii anaitunza mume wangu. Hajawahi kuiacha ikampoteza mtu."

Prosser alitaka kumwambia kwamba mume huyo ni yeye. Akashindwa. Akamfuata taratibu katikati ya shayiri, machozi yakimtiririka, mpaka mlangoni mwa kanisa.