Misumari kwenye Sanduku la Barua

Baba yangu, Verlin, alisambaza barua miaka thelathini na moja katika mji wetu jimboni Oregon, Marekani, ambako kura hupigwa kwa posta. Mbwa wote walimjua. Kila uchaguzi alibeba kura za mtaa mzima, na mvua ikinyesha alizifunika kwa koti lake, yeye akalowa.

Mama alipofariki, runinga ikawa ndiyo mwenzake. Stesheni ni ileile moja ya habari, tangu kahawa ya asubuhi mpaka usingizi umchukue kwenye kochi. Mwanzoni nilishukuru kwamba nyumba ina sauti. Mjinga mimi.

Oktoba iliyopita nilimkuta kando ya barabara mbele ya nyumba yake, na nyundo, akilipigilia misumari sanduku lake la barua lisifunguke. Corinne, msambaza barua ambaye baba mwenyewe alimfundisha kazi, alikuwa amesimama na bahasha ya kura ya baba mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Mzee Verlin, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nyie ndio mnaoiba kura."

"Nani kakwambia?"

"Kwani we huangalii habari?"

Nikashindwa kujizuia. "Baba, kazi hiyo umeifanya wewe. Uliiba ngapi?"

Akashusha nyundo. Akaitazama mikono yake, nami nikadhani nimempata baba yangu tena.

"Sikuwahi kufungua bahasha hata moja," akasema polepole. "Sasa nitajuaje nilikuwa nabeba nini?"