Chumvi Kwenye Mabawa

Musicheke kwanza, ngojeni nimalize, maana najua habari ya mbuzi na ndege ya Kakule ilishawafikia, na ilifika imeongezwa viungo, na mimi ndiye huyo Kakule aliyeaibika mbele ya wakwe, basi bora muisikie kwangu.

Kazi yangu hapa Butembo ni useremala, vitanda na makabati, lakini jioni natengeneza ndege ndogo za miti, zile za zamani zenye mabawa mawili, moja juu ya lingine, na nyuzi katikati za kuyakaza (hapana, haziruki, kila mtu ananiuliza hivyo, na nikijibu ananionea huruma). Nachonga mbavu za bawa moja moja, napiga msasa, halafu navalisha kitambaa. Kavira, mchumba wangu, alizipenda. Baba yake, kule Beni, alimwambia wazi: "Mwanaume wa ndevu, na anacheza na bindege bya batoto? Atakulisha na nini, mutoto yangu, na mabawa?"

Maneno hayo yaliniuma. Nikasema moyoni, siku ya kupeleka mbuzi wa mahari (kwetu Wanande mahari bila mbuzi ni maneno matupu) nitampelekea mzee ndege nzuri kuliko zote, aishike kwa mikono yake aone kama ni mchezo, vinginevyo Kavira ataozwa kwa mwingine nami nikitazama.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kitambaa cha mabawa nakikaza kwa uji wa unga wa muhogo, ule ule mama zetu wanaokazia kola za shati za misa. Mabawa ya kwanza yakaliwa na mende. Tantine yangu, shangazi, akaniambia: "Tia chumvi mu ule uji, mende hazitagusa tena." Nikatia kidogo, halafu, kwa vile nilimpenda Kavira sana, nikaongeza konzi nzima. Mende, kweli, hawakugusa. Nikapaka kiwiliwili rangi nyekundu, mabawa nikayaacha meupe, nikajisifu mwenyewe mbele ya kioo.

Siku ikafika, barabara ilikuwa na usalama, tukapanda pick-up, mjomba Kasereka, msemaji wetu, akakaa mbele, mimi nyuma pamoja na mbuzi, ndege mapajani imefunikwa kitenge. Njia nzima beberu mmoja mweusi alinisogelea, ananusa kitenge, ananilamba vidole, nami nikawaza, tazama, hata mbuzi wameshanikubali!

Nilitaka kumshangaza mzee, basi nikaificha ndege nyuma ya jiko, karibu na pale mbuzi walipofungwa, nikaenda kukaa kwa adabu, mikono magotini. Mjomba akasimama, akakohoa, akasema: "Mutoto yetu iko fundi! Kitu yenye mukono yake ilifunga, hapana kufunguka!"

Hapo hapo yule beberu akaingia, kamba imekatika, bawa la chini liko mdomoni, la juu limenaswa kwenye pembe zake kwa zile nyuzi zangu, na hélice, lile pangaboi la mbele, linamzungukia karibu na jicho. Akapita katikati ya wazee wa pande zote mbili, akasimama mbele ya baba mkwe, akatafuna. Mama mmoja akapiga kelele kutoka jikoni: "Muone, ndege imetua!" Basi kicheko kikalipuka, Kavira akajifunika uso, nami nikaruka kumkamata mbuzi, nikashika mkia wa ndege, kitambaa cha mkia kikabaki mkononi, mimi nikaangukia mtungi wa pombe ya ndizi na suruali yangu nyeupe. Niliona haya mpaka machozi. Nilijua nimempoteza Kavira.

Mzee peke yake hakucheka. Akaondoa ile mifupa ya ndege kwenye pembe za mbuzi, akaigeuza, akavuta kijiti kimoja, hakikutoka, akavuta tena kwa nguvu.

"Mbuzi imekula nguo," akasema, "lakini mifupa hapana kuvunjika. Mbuzi tunapokea. Harusi, hapana, mpaka ndege ipone. Na utaitengeneza hapa kwangu, nikuone."

Nikawa naenda Beni kila barabara inaporuhusu, na siku ya kwanza tu nikakiri ile konzi ya chumvi iliyomvuta beberu. Mwanzoni alinitazama mikono kifuani, baadaye akanishikia uzi, na siku moja nikamkuta amevaa miwani, anachonga ubavu wa bawa, tena ananigombeza kwamba wa kwangu umepinda. Mabawa yalipokauka, tulifunga ndoa.

Yule beberu hakuchinjwa, wakamwita Piloti. Ndege inaning'inia juu ya meza yao, na mpaka leo nikinyoosha mkono kuchukua chumvi, mama mkwe anaivuta polepole upande wake: "Acha, mukwe yangu, kwanza tumuulize Piloti." Nyumba nzima inacheka, na mke wangu ndiye wa kwanza kucheka. Nimeapa, chumvi nitaitia kwenye maharagwe tu, na hayo nayo nitayala mlango umefungwa.