Siku Ndizi Zilipokanyagwa kwa Litania

Wenzangu tuliokulia Kibeta enzi migomba ilipofika hadi mlangoni, nisaidieni kukumbuka. Tulicheza mpira wa majani makavu ya mgomba, tukateleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba, na jioni tukala ndizi na maharage vilivyopakuliwa juu ya jani la mgomba. Nikiwasimulia wajukuu, huuliza kama na sisi wenyewe tulizaliwa na mgomba. Nawajibu kwamba hawako mbali na ukweli. Wao umeme ukikatika kidogo tu, hukaa wameduwaa kama kuku walionyeshewa.

Shuleni tulikwenda pekupeku, umande ukitulowesha hadi magotini, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, mifuko yetu ilinukia senene wa kukaanga. "Nani ana senene humu?" mwalimu aliuliza, na darasa zima likatazama juu. Mwisho wake naye alikuwa anatafuna. Mungu amrehemu.

Lakini siku tamu kuliko zote ilikuwa ya kukanyaga ndizi. Ndizi zilizoiva zilimwagwa ndani ya gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi, na wanaume walioosha miguu wakaingia kuzikanyaga hadi zitoe mulamba, yale maji matamu ambayo baadaye hugeuka kuwa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Pembeni yao aliketi jirani yetu Ta Leopold, enanga yake mapajani, ule ubao mrefu wenye nyuzi, na miguu ikafuata vidole vyake. Ndizi zikiwa bado ngumu, alipiga polepole. Mulamba ukianza kutoka, aliharakisha, na wanaume wakaruka kama ndama. Mkewe, Ma Paskazia, alimwitikia kwa kuimba kutoka jikoni. Mama alikuwa akisema, "Miguu ni yao, lakini mulamba ni wa Leopold."

Kisha Ma Paskazia akafariki. Tulimzika kwenye migomba yao, na Ta Leopold akaitundika enanga juu ya mafiga, moshi ukaipaka masizi. Matanga yaliisha, watu wakarudi kwenye majembe, lakini yeye hakuishusha. Hakuna aliyemsukuma. Akina mama walipokezana kumpelekea chakula, wakakaa naye kidogo, wakaondoka.

Siku moja akaja shemeji yake, mchuuzi wa samaki katika visiwa vya Muleba. "Shemeji, hapa unaishi na kaburi," alimwambia mbele ya baba yangu. "Kule wavuvi wanapenda muziki, na hakuna atakayekukumbusha lolote. Twende." Ta Leopold akakubali kuhama sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu cha kanisa ikishapita. Kijiji kizima kilisikitika, lakini ungemwambia nini mtu aliyefiwa? Abaki kwa ajili ya miguu yetu?

Siku ya kukanyaga ndizi za sikukuu ikafika, na kiti chake kilikuwa kitupu. Mmoja alianzisha wimbo huu, mwingine ule, wakagongana mabega, na baba mdogo Deo akaketi ndani ya ndizi bila kupenda. Ndipo katekista wetu Filemoni, mtu mwema sana, akainua mkono. "Ndugu zangu, ugomvi wa nini? Tutakanyaga kwa litania ya watakatifu."

Jina la mtakatifu, mguu wa kulia. Utuombee, mguu wa kushoto. Filemoni hakuwa mtu wa kuruka sala. Alianza na Bikira Maria, akaenda kwa mitume, akashika njia ya mashahidi, na ndizi zikawa zinabarikiwa badala ya kukanyagwa.

"Katekista, waitu, nakuomba," baba mdogo Deo akasema, jasho likimtoka, "huko mbinguni hakuna mtakatifu anayekimbia kidogo?"

Tukasikia kicheko nyuma ya ua. Alikuwa Ta Leopold, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. "Mawe, mama yangu! Filemoni! Mnakanyaga ndizi au mnazizika?"

Neno hilo, kutoka kinywani mwake! Kisha mama akashindwa kujizuia, akacheka, na Filemoni mwenyewe akacheka hadi akashika ukingo wa gogo.

Ta Leopold aligeuka akaenda kwake. Tulidhani tumemuudhi. Kumbe alifuata enanga. Akarudi nayo, nyeusi tii, akaipangusa kwa jani, akakaza nyuzi, akaanza. Miguu ikamtambua mara moja. Lakini alipofika mahali ambapo Ma Paskazia alikuwa akiitikia, vidole vikasimama. Wanaume wakasimama pia ndani ya mulamba, hakuna aliyejua atazame wapi.

Mama yangu ndiye aliyeitikia. Nampenda mama, Mungu anajua, lakini sauti hakupewa, na kwaya ilikuwa imemwomba kwa heshima apumzike. Aliimba hivyo hivyo. Akina mama wengine wakaingia kumsaidia. Ta Leopold akainamisha kichwa, akaendelea, na mulamba ukatoka.

Sikukuu ilipopita, shemeji akaja kumchukua. "Nakushukuru, shemeji," Ta Leopold akamwambia. "Lakini hawa walimchimbia mke wangu kaburi, wakanipikia, wakaninyamazia. Niende kuwachezesha watu nisioijua misiba yao?" Shemeji alirudi kisiwani na kibuyu cha lubisi.

Tangu hapo, nyumba yoyote iliyofiwa ilimwona Ta Leopold matanga yakiisha. Alikuja na enanga, akaketi uani, asiiguse. Mama yangu alipofariki alikuja kwetu, mzee tayari, vidole vimekakamaa. Aliketi hivyo siku kadhaa, akinywa uji wetu na kuongea habari za kahawa, mpaka baba akaweza kusema, "Haya, Ta, sasa piga."

Siku hizi muziki huletwa na pikapu, na spika zake hutikisa mabati hadi Kagondo. Vijana wanaupenda, nami siwanung'unikii. Nilipofiwa na mke wangu mwaka juzi, simu yangu ilijaa picha za mishumaa na maua yanayometameta. Kila aliyetuma, Mungu ambariki, nilimshukuru kwa jina katika sala zangu. Ila picha ya mshumaa haiji kukaa nawe uani, ikangoja mpaka uwe tayari.