Wembe Kooni kwa Mkwe

Shemeji yangu ni kinyozi, na kama si ubishi wake nisingekuwa na la kusimulia. Mimi nasuka nywele upande wa pili wa pazia, chumba ni kimoja. Miaka kumi na minne nimemwona akiinamia vichwa vya watu, mpaka shingo yake ikatangulia mbele na mabega yakaifuata. Mwaka huu maumivu yakashuka kutoka shingoni hadi begani, kutoka begani hadi vidoleni. Akawa anatafuna vidonge kama karanga, na kunikataza nisimwambie dada yangu, mkewe.

"Akijua ataniambia nifunge. Nikifunga tutakula nini?"

Nikamtunzia siri. Mjinga mimi!

Siku moja akaja Baba, mzazi wetu mimi na dada, yaani mkwe wake, kunyolewa ndevu. Shemeji akamkaribisha kwa heshima zote, akakunja mgongo, akaanza. Pazia lilikuwa wazi, nikawa namwona kwenye kioo. Shavu moja likaisha salama, na la pili. Alipofika chini ya kidevu, pale ngozi ya mzee ilipolegea, mkono ukasimama.

Vidole bado vilishika wembe, lakini uso wake uliniambia havisikii kitu. Baba kafumba macho, anazungumzia mvua. Loo! Nikipiga kelele, Baba atashtuka na wembe uko kooni. Nikamwacha mteja wangu na nywele nusu, nikanyata, nikaushika mkono wa shemeji na kuuvuta pembeni. Tone la damu likadondokea taulo.

"Baba, nisamehe," shemeji akasema. "Mkono siusikii. Mwezi wa tatu huu."

Baba akajipangusa, akaondoka bila neno. Bora angetukana.

Dada alipopata habari, tulikiona cha mtema kuni, wote wawili. Kesho yake akamburuta mumewe hospitali, na mimi nyuma. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja asiye na mzaha, akanikalisha niwe mteja, akamwambia shemeji aonyeshe anavyonyoa.

"Kiti chako hakipandi?"

"Kinapanda. Unakanyaga pedali."

"Sasa mbona hukanyagi?"

Shemeji akaona haya. "Wateja wangu ni watu wazima. Mzee wa watu nimnyanyue kwa mguu, kama mtoto? Nainama, ndiyo adabu."

"Adabu hiyo ndiyo inayokubana mishipa shingoni."

Akamwelekeza: kichwa cha mteja kifike usawa wa kifua chake, viwiko vikae karibu na mbavu, mabega yashuke, ajinyooshe kila amalizapo mtu. Na wiki sita asiguse wembe.

Wiki sita! Alilala sakafuni akifanya mazoezi, akinuna, akirudia. Lakini kilichomnyima raha hasa ni Baba, ambaye hakukanyaga kwetu tangu siku ile. Shemeji alishaona kazi imemponyoka, na baba mkwe pia.

Siku ya kufungua, Baba akawa wa kwanza mlangoni. Akaketi, kovu dogo chini ya kidevu. Shemeji akachukua wembe, akaduwaa, kisha mgongo ukaanza kukunjika.

"Mkwe, unataka kunichinja tena?" Baba akafoka. "Hebu kanyaga!"

Akakanyaga. Baba akapanda juu, akafumba macho, akainua kidevu. Shemeji akaanzia palepale penye kovu, mgongo umenyooka, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafuta.