Mkono wa Kushoto wa Umuhoza

Watu wa Karuba, kijiji chetu cha vilimani, wananiita mpole. Hawajui nilivyomchukia wifi yangu Umuhoza msimu mzima wa maharagi, tangu siku Papa Sylvain alipofika na zile ski zake za magurudumu.

Papa Sylvain ni mtoto wa hapa hapa. Aliishi Ulaya miaka kumi na tisa, kwenye theluji, akajifunza kuteleza juu yake na ski, zile mbao nyembamba zinazofungwa miguuni, na fimbo moja kila mkono. Aliporudi alituambia kwamba hata kule, jua likiwaka, theluji inaisha na watu bado wanajifunza: wanapanda vilima mbio wakiwa na fimbo, wanavaa ski za magurudumu kwenye lami. "Vilima tuko navyo," alisema, "na pumzi ya huku juu iko nzuri. Lami njo haiko." Kwa hiyo angefundisha wasichana hapa hapa vilimani, na mmoja wao, yule atakayetangulia kwenye mashindano ya mwisho wa msimu, angeenda naye Goma kwenye lami, avae zile ski, halafu akashindane ng'ambo. Mmoja tu, maana ski zilikuwa jozi moja.

Theluji sisi tunaijulia wapi? Tunajua mvua ya mawe, ile inayochana majani ya maharagi. Lakini kupanda kilima! Nani hapa Karuba aliwahi kunishinda mimi kupanda kilima? Muulizeni yeyote niliyesoma naye. Nilikuwa wa kwanza kwenda kuandikisha jina, mwanangu Astrid mgongoni, ana miezi miwili. Papa Sylvain akacheka kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi.

"Mama, unyonyeshe mutoto kwanza. Mwaka kesho utakuja."

Mwaka kesho! Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Na nani aliyeandikwa? Umuhoza, mdogo wa mume wangu, anayelala nyumbani kwangu na kula chunguni mwangu. Tena fimbo hazikutosha, Papa Sylvain akasema watumie ile miti ya kupandishia maharagi. Umuhoza akachagua miwili iliyonyooka kutoka shambani kwangu. Aliniomba, ni kweli, nami nikamwambia chukua tu. Lakini moyoni nilikuwa nawaka moto.

Shamba langu limepakana na malisho ya ng'ombe, na hapo ndipo wasichana walipojifunzia. Kila asubuhi nikipalilia niliona yote. Walisimama kwa mguu mmoja juu ya gogo la mkaratusi mpaka goti litetemeke. Walipanda nyasi kwa kuruka, mguu wa kulia na fimbo ya kushoto, mguu wa kushoto na fimbo ya kulia, huku Papa Sylvain akipiga kelele: "Mukono mbele! Piga fimbo karibu na muguu, sukuma mpaka nyuma ya kiuno!" Mimi na jembe langu nilijifunza kuliko wao wote. Nilikuwa natafuta kosa la Umuhoza kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Na nililipata. Akiwa na nguvu, anakwenda vizuri hadi unaudhika. Lakini akichoka, pale karibu na msalaba wa mbao ulio juu ya kilima, mkono wake wa kushoto hauendi mbele tena. Unapanda juu, karibu na sikio. Fimbo inachelewa kugusa chini, na kila hatua inapungua kidogo. Papa Sylvain alikuwa kule chini na saa yake, hakuuona. Mimi niliuona maharagi yakiwa kwenye maua. Neno moja lingetosha, na sikulisema.

Na aliniuliza, jamani! Tulikuwa tunamenya viazi.

"Mama Astrid, weye unaniangaliaka kila siku. Mi nakosea wapi?"

"Hakuna kwenye unakosea," nikamjibu. "Uko unaenda muzuri sana."

Akafurahi, akanishika bega. Nikaendelea kumenya viazi vyangu.

Siku ya mashindano Karuba nzima ilikuwa malishoni. Wapande kutoka kijitoni mpaka msalabani, washuke, wapande tena. Umuhoza alikuwa mbele, Francine, msichana wa kijiji cha Mushaki, nyuma yake. Watu walipiga vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mkono tu. Mara ya pili, msalaba ukiwa karibu, ule mkono ukapanda. Ukapanda tena. Francine akampita zikiwa zimebaki hatua tano. Amemshinda kwa sekunde moja tu, akasema Papa Sylvain. Nilifurahi. Sidanganyi, nilifurahi sana, lakini furaha yenyewe haikunifikisha hata nyumbani.

Umuhoza alinikuta jikoni natoa maharagi makavu kwenye maganda. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaegemeza ile miti ukutani.

"Nimekurudishia miti yako, Mama Astrid. Asanti sana." Akakaa chini. "Sasa nilikosea wapi? Mi sielewi."

Sijui ni nini kilichonitoa lile neno. Labda ile asanti.

"Mukono wa kushoto," nikasema. "Ukichoka, unapanda juu."

Akauinua polepole, akautazama. "Umeona leo?"

"Hapana. Tangu maharagi ilikuwa na maua."

Akayaangalia maharagi makavu yaliyokuwa mapajani mwangu. Hakulia. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Akasimama, akachukua bido la maji, lile dumu la lita ishirini, akatoka.

Nilibaki mlangoni nikimngoja, Astrid akinyonya. Nikamwona anapanda kutoka kijitoni, bido limejaa kichwani, na mkono wa kushoto umeinuka, umelishika karibu na sikio. Hivyo ndivyo alivyopanda kila siku tangu nilipojifungua, asubuhi na jioni, kwa sababu alikataa katakata nibebe mzigo.

Akalitua miguuni pangu.

"Maji yako njo haya, Mama Astrid," akasema, akaingia ndani kubadili nguo.