Koti la Kahawia Msituni

Mama alikuwa akinicheka, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, tangu tulipotoka nyumbani Cheektowaga, kando ya Buffalo. "Bon, tunachoma mafuta yote haya kwenda kutazama majani yanayokufa?"

"Hayafi, mama. Yanabadilika rangi tu."

"Louisville ulisema unatafuta mlima. Columbus ukasema hapa ni tambarare, tuhame. Mlima si uliuacha kwenu?"

Binti yangu, aliyekaa nyuma na simu yake, alicheka na kumjibu bibi yake kwa Kiingereza. Mama akaguna. "Na huyu naye anaongea kama redio."

Ni kweli, hapa Marekani nimehama mji baada ya mji, na kazi ya ghalani sikuikosa popote. Nilichokosa ni mahali pa kupanda mpaka pumzi ikate, kama kwetu kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Nilipapata kusini mwa Buffalo, mwendo wa saa chache kwa gari.

Tulipoacha gari na kuanza kupanda kwa miguu, miti ilikuwa imewaka rangi. Mingine ilikuwa na rangi ya mawese, mingine nyekundu kama pilipili iliyoanikwa. Mama aliacha kunicheka. Alitangulia, ndani ya koti lake la kahawia, akiokota majani na kuyatia mfukoni. "Baridi hii ni ya kwetu kabisa," alisema.

Ndipo bunduki ikalia. Ikalia tena, karibu zaidi.

Kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimemvuta binti yangu chini, nyuso zetu kwenye majani. Nilipoinua kichwa, njia ilikuwa tupu. Mama hakuwapo.

Kwetu, wakati wa vita, kila mtu alilijua hili: bunduki ikilia, toka njiani, ingia kichakani, nyamaza. Ukisikia unaitwa usiitike, maana anayekuita huenda ameshikiwa bunduki kisogoni. Ndivyo mama alivyoniokoa nikiwa kijana, kiganja chake kimeniziba mdomo.

"Mama! Mama wee!"

Niliita huku nikivipekua vichaka kwa macho.

Kwenye kona akatokea mwanamume mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, bunduki begani. Nilimsogeza binti yangu nyuma ya mgongo wangu. Binti yangu ndiye aliyezungumza naye, akamweleza kuwa bibi yake ametupotea. Mwanamume alisema ni msimu wa kuwinda kulungu, wenzake wako huko juu mlimani; tusitoke njiani na tuongee kwa sauti.

"Huyo mama amevaa nini?" aliuliza.

"Koti la kahawia," nilisema.

"Rangi ya kulungu," alisema. Alitazama vichaka, akajaribu kuwapigia wenzake simu, mtandao ukakataa. Akaanza kupanda mbio kuwafuata, awaambie wasipige.

Niliita tena, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yetu ya nyumbani. Sauti ilinitoka ikitetemeka, na nikajisikia mwenyewe: hiyo ndiyo hasa sauti ya mtu aliyeshikiwa bunduki. Kila nilivyoita, ndivyo nilivyozidi kumficha. Mlio mwingine ukapasuka huko juu. Nikaacha kuita. Nilitazama vichaka vya kahawia, vyote vya kahawia, nikingoja kusikia mtu akilia.

Binti yangu akasimama katikati ya njia, akamwita bibi yake kwa Kiingereza. Aliita kwa kelele na hasira kidogo, kama anavyomwita nyumbani chakula kikichelewa: uko wapi, nina baridi, nataka kwenda nyumbani!

Kichaka kilichokuwa karibu kabisa nasi kikatikisika. Mama akatoka kwa magoti, majani yamenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa, jiwe mkononi.

"Nakuita huitiki!" nilisema. Nilimshika mabega, nikaanza kumpangusa majani.

"Nilikusikia vizuri. Donc, nikajua wamekushika." Akamgeukia mjukuu wake. "Lakini wale watu wa bunduki wa kwetu, nani kati yao anaweza kuongea hii redio?"

Binti yangu alivua koti lake la njano akamvika bibi yake. Tulishuka tukipiga kelele njia nzima, mjukuu akimfundisha bibi maneno ya Kiingereza, mama akiyarudia kwa nguvu, yote kwa makosa. Sikuangalia tena rangi ya mti wowote.

Jiwe lile mama hakulitupa. Cheektowaga alishuka nalo garini.